Kiota kimoja, safari mbalimbali

Najua nimekuwa kimya. Zamu za usiku zilifuatana mpaka nikawa sijui Jumatatu wala Ijumaa. Sasa nimepata siku tatu za mapumziko, chai ya tangawizi iko mezani, na nje mvua ya hapa Leicester inanyesha ile isiyo na haraka... Basi leo tuzungumze historia kidogo. Si historia ya wafalme. Ni historia ya jinsi binadamu alivyokuja kugundua kwamba ndege wawili wa aina moja, hata waliototolewa bonde moja, hawasafiri sawasawa.

Swali lilitoka kwa binamu yangu aliye nyumbani. Wale tai na kozi wanaojaa angani vuli ikianza, kumbikumbi wakitoka, wanatokea wapi na wanaelekea wapi? Jibu la mkato ni kwamba wengi wanatoka mbali sana, Urusi, Kazakhstan, Mongolia, Uchina, na baadhi yao wanapita tu kwetu wakielekea kusini zaidi. Lakini jibu hilo la mkato linaficha mengi. Kaeni vizuri niwape lile refu.

Zamani watu waliona ndege wakitoweka msimu mmoja na kurudi msimu mwingine, wakabaki kukisia. Aristotle, yule Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba baadhi ya mwewe na mbayuwayu hawaendi mbali, bali hujificha mashimoni mpaka baridi iishe. Wapo waliokuwa karibu zaidi na ukweli: Kitabu cha Ayubu kinamtaja mwewe anayeruka kuelekea kusini. Lakini kusini wapi? Hakuna aliyekuwa na ushahidi mkononi.

Ushahidi ulikuja kwa njia ya ajabu mwaka 1822. Huko Ujerumani, karibu na mji wa Klütz, alipigwa risasi korongo mmoja ambaye shingoni alikuwa na mshale mrefu umemchoma na kutokeza upande wa pili. Mti wa mshale ule ulikuwa wa Afrika! Korongo alichomwa huku kwetu, hakufa, akaruka nao mpaka Ulaya. Hadi leo yupo amehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock. Najua korongo si ndege mbuai (yaani wale wawindaji wa nyama kama mwewe, kozi, kipanga na tai), lakini yeye ndiye aliyewafungua watu macho. Na angalieni jambo hili: somo halikutoka kwa korongo wote. Lilitoka kwa mmoja, aliyekuwa na alama yake.

Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, aliifanya alama hiyo kuwa kazi ya kitaalamu. Aliwavisha kwezi pete nyepesi za alumini miguuni, kila pete na namba yake na anwani. Hapa Uingereza kazi ya pete ilianza mwaka 1909. Tangu hapo ndege akawa na kitu kinachofanana na faili la mgonjwa: namba moja, ndege mmoja. Tatizo la pete ni kwamba inakupa nukta mbili tu, pale alipovishwa na pale alipookotwa, na mara nyingi anaokotwa akiwa maiti. Katikati hapo hujui kitu. Kwa hiyo wataalamu walikusanya nukta za ndege wengi, wakachora mshale mmoja mnene kwenye ramani, wakaandika kwa mfano "furukombe wa Uskoti huenda Afrika Magharibi". Ni kweli, lakini ni ukweli wa wastani. Sisi manesi tunaujua wastani. Ukichukua joto la wodi nzima ukaligawa kwa idadi ya vitanda, hata likitoka zuri kabisa, halimsaidii anayechemka kitanda cha tano.

Huyo furukombe nimweleze kidogo, maana ndiye jirani yangu hapa. Ni ndege mkubwa, kahawia juu na mweupe chini, anayeishi kwa samaki. Anajitupa majini miguu mbele na kunyanyuka na samaki kwenye kucha. Waingereza walimmaliza wenyewe kwa bunduki na kwa kuiba mayai yake ili kuyaweka kwenye makabati ya maonyesho. England alikwisha katika karne ya 19, na Uskoti akafuatia mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1954 jozi moja ilirudi yenyewe ikalea makinda Loch Garten, Uskoti. Wezi nao wakarudi! Mwaka 1958 mtu aliiba mayai usiku pamoja na kuwepo kwa walinzi. Mwaka 1959 chama cha kulinda ndege kikafanya jambo ambalo wengi hawakulitarajia: badala ya kukificha kiota, kiliwakaribisha wananchi waje kukitazama kwa darubini. Watu walipoona kwa macho yao, wakawa walinzi.

Halafu kuanzia mwaka 1996 hadi 2001 makinda 64 yaliletwa kutoka Uskoti hadi Rutland Water, bwawa kubwa lililo chini ya saa moja kwa gari kutoka hapa nilipo. Mwaka 2001 kinda wa kwanza alitotolewa hapo. Mimi huenda siku za mapumziko. Wazee wa kujitolea wanakuazima darubini na kukueleza habari za kila ndege kama unavyoeleza watoto wa jirani: huyu baba yake fulani, yule alichelewa kurudi mwaka jana.

Wanajuaje yote hayo? Pete za rangi zenye maandishi makubwa zinasaidia, lakini mapinduzi yenyewe yaliletwa na setilaiti. Katika miaka ya 1980 Wamarekani walimfunga tai wa kwao kifaa cha kurushia mawimbi mgongoni. Kilikuwa kizito, hakikumfaa ndege mdogo. Miaka ilivyokwenda vifaa vikapungua uzito, vikapata umeme wa jua, vikaweza kusema ndege yuko wapi kila saa. Hapa Uingereza Roy Dennis, aliyefanya kazi na furukombe huko Uskoti tangu ujana wake, alianza kuwafunga vifaa hivyo mwaka 1999.

Na hapo ule mshale mnene wa kwenye ramani ukaanza kuchambuka nyuzinyuzi.

Chukueni majike wawili wa Roy Dennis, wote wa eneo moja la Moray, kaskazini mwa Uskoti. Mmoja aliitwa Logie. Yeye baridi ikianza aliruka zaidi ya kilomita 5,000, akavuka Sahara, akaenda kukaa kwenye visiwa vya Bijagós, Guinea-Bissau, kwenye mikoko. Mwingine aliitwa Beatrice. Yeye aliishia kusini mwa Hispania, kama kilomita 2,400 tu, akakaa mtoni kwa raha zake, Sahara akaiacha kwa wanaoitaka. Jinsi moja, aina moja, wametoka sehemu moja. Kama ungewachukua hao wawili ukatafuta wastani, ungepata ndege anayekaa majira ya baridi katikati ya jangwa, mahali ambapo furukombe hawezi kuishi hata kidogo!

Kuna tofauti nyingine ambayo kila mama ataielewa. Kwa furukombe, mama huondoka kwanza, mara nyingi Agosti. Baba hubaki akiwavulia watoto samaki. Watoto nao huondoka kila mmoja peke yake, hawafuatani na mzazi, hawajawahi kuiona njia. Safari ya kwanza ni ya kubahatisha: upepo ukimsukuma kinda baharini Atlantiki, wengine hawaonekani tena. Waliofika Afrika hukaa huko mpaka wafike miaka miwili au mitatu ndipo warudi kaskazini. Kwa hiyo ukimwona kinda hajarudi mwaka wa kwanza, usiseme amepotea wala amesahau kwao. Muda wake haujafika.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund huko Uswidi waliuliza swali zuri zaidi: je, ndege mmoja yuleyule, miaka tofauti, husafiri vilevile? Mwaka 2006 walitoa matokeo ya furukombe, na mwaka 2011 ya vipanga wa vinamasi. Walichokiona ni kwamba kila ndege ana kalenda yake. Anayeondoka mapema huondoka mapema kila mwaka, anayechelewa huchelewa kila mwaka. Lakini njia yenyewe inabadilika, mwaka huu huku, mwaka kesho kilomita mia na zaidi pembeni, kutegemea upepo na mengine anayokutana nayo. Wakati unatoka ndani ya ndege mwenyewe, njia anapangiwa na dunia. Hilo limenikaa kichwani kweli.

Sasa tuwaendee wanaokuja upande wetu.

Kuna tai mwenye madoa wa Belarus na nchi za jirani. Majike wengi huishia Ugiriki wakati wa baridi, na madume huja Afrika Mashariki, Sudan Kusini na Ethiopia. Mwezi Machi na Aprili 2022 walipokuwa wanarudi kwao, walikuta Ukraine inawaka vita. Ndege 19 walikuwa na vifaa mgongoni. Walipofika eneo hilo walizunguka, kwa wastani kilomita 85 zaidi ya miaka ya nyuma, na walionusa hatari hawakutua kupumzika. Miaka ya kabla, ndege 18 kati ya 20 walipumzika Ukraine. Mwaka huo ni 6 tu kati ya 19. Lakini hawakuzunguka sawa. Kila mmoja alikutana na vita yake, kwa siku yake, mahali pake.

Halafu kuna tai wa nyika za Urusi na Kazakhstan, huyu ndiye anayekula kumbikumbi kule kwetu. Mwaka 2015 aliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka; nyaya za umeme ni mojawapo ya vinavyomuua. Hawa nao wamegawanyika: wapo wanaokaa Uarabuni, wapo wanaokwenda India, wapo wanaokuja mpaka Afrika Mashariki na kusini. Mwaka 2019 mmoja wao, jike aliyeitwa Min, aliwaletea wataalamu wa Urusi balaa la kuchekesha. Kifaa chake kilituma mahali alipo kwa meseji za simu. Kiangazi chote alikaa Kazakhstan mahali pasipo na mtandao, meseji zikajikusanya. Walitegemea angetuma zote akiwa Kazakhstan. Bibie akapitiliza, akatokezea Iran, na huko ndiko zilikotoka zote kwa mkupuo! Bei ya meseji moja Iran ilikuwa rubli 49, zaidi ya mara tatu ya Kazakhstan. Fedha za utafiti zikakatika, wakaomba michango kwa wananchi, mpaka kampuni ya simu ikakubali kufuta deni. Sisi tunaonunua vocha za kupiga nyumbani tunayaelewa mambo haya...

Na yule kozi mdogo mwenye miguu myekundu, kozi wa Amur. Anazaliwa Mongolia na kaskazini mwa Uchina, anapita India, anavuka Bahari ya Hindi bila kutua kwa siku kadhaa, anaingia Somalia, anapita Kenya na Tanzania mwezi Novemba na Desemba akifuata mvua na kumbikumbi, mpaka kusini mwa Afrika. Mwaka 2012 iligundulika kwamba huko Nagaland, kaskazini mashariki mwa India, walikuwa wakinaswa kwa nyavu maelfu kwa maelfu na kuuzwa kama kitoweo. Wanakijiji waliitwa, wakaelezwa, wakakubali kuacha. Mwaka uliofuata, 2013, kozi watatu walifungwa vifaa wakapewa majina ya huko: Naga, Wokha na Pangti. Wokha alinyamaza mapema. Naga na Pangti walivuka bahari.

Mwaka 2018 wakafungwa wawili wengine katika jimbo la jirani, Manipur. Mmoja aliitwa Manipur, mwingine Tamenglong. Siku chache baadaye Manipur alikutwa amekufa, amepigwa risasi. Tamenglong aliruka mpaka Afrika. Walifungwa pamoja, na hewa yao ilikuwa moja. Tusidhani aliyefika alikuwa hodari kuliko mwenziwe. Mmoja alikutana na bunduki, mwingine hakukutana nayo.

Mnaweza kuuliza, nesi na ndege wapi na wapi? Nitawaambia. Nimepata habari za kikao cha ukoo. Kwamba imependekezwa "walio nje" wote watoe kiasi kimoja kwa ajili ya nyumba ya babu, na wote wafike Desemba, asiyefika ahesabiwe kuwa ametupa mila. Sipingi mchango. Nyumba ile mimi nimekulia, na bati likivuja linamvujia bibi yangu. Lakini naomba wazee wangu, kwa heshima zote, mtutazame mmoja mmoja kabla hamjaandika azimio.

Tuko watatu tuliotoka nyumba ile. Binamu yetu aliye Muscat mkataba wake unampa tiketi ya kurudi kila mwaka, ndiyo maana kila mwaka mnamwona na mnamsifu, na anastahili. Kaka aliye Minnesota anasubiri makaratasi yake. Akitoka Marekani leo, huenda asiruhusiwe kuingia tena, na mke na watoto wako kule. Hajatupa mila, anahesabu siku. Mimi mwenyewe Desemba ndio mwezi wodi zinafurika wazee wenye vifua na nyonga zilizovunjika kwa kuteleza kwenye barafu. Likizo ya mwezi huo tunapeana kwa zamu, na zamu yangu haijafika. Mwezi wa tano naweza. Mwezi wa tano nitakuja, Mungu akipenda, na nitakaa wiki nne.

Tofauti kati yetu na ndege ipo, nisiizidishe. Furukombe haombi viza na hadaiwi karo ya mdogo wake. Lakini karne nzima wataalamu waliwatazama ndege kama kundi wakakosea mengi, na siku walipoanza kumfuata mmoja mmoja ndipo walipojua nani anahitaji nini. Hata ulinzi wenyewe ulibadilika. Huwezi kumlinda Logie kwa kulinda Uskoti peke yake, lazima na mikoko ya Guinea-Bissau isimame. Wala huwezi kumsaidia kaka wa Minnesota kwa kumpigia simu za lawama zinazomfaa mtu mwenye tiketi mfukoni. Pendekezo langu kwa kikao: kila mmoja wetu aulizwe anaweza nini na lini, iandikwe kwenye daftari, kisha tushikiliwe kwa hilo tuliloahidi. Mimi niandikeni wa kwanza.

Na binamu, wewe ulianzisha haya, nakupa kazi. Vuli ikifika na kumbikumbi wakitoka, angalia juu. Ukimwokota ndege aliyekufa mwenye pete mguuni, nakili maandishi yote ya pete bila kuruka herufi, andika tarehe na mahali, unitumie. Nitaipeleka inakohusika na utaambiwa alikovishwa. Akiwa hai, mwache aende zake. Na waambie watoto manati waweke chini, yule kozi mdogo pengine amevuka bahari juzi tu.

Haya, usingizi umenishika na kesho naanza tena usiku. Msalimieni bibi, mwambieni simu yake naipiga Jumapili baada ya ibada. Shangazi, usikasirike, nimeandika kwa mapenzi.

Wasalaam, wenu wa Leicester.